Dada, Mbona Kazi Yangu Haianzi?

Jumatano moja jioni uliniingilia ujumbe kwenye simu: "Dada, habari za jioni, samahani kwa usumbufu. Seva 10 ziko tupu, nimeangalia mwenyewe. Kazi yangu ndiyo ya kwanza kwenye foleni tangu asubuhi. Mbona haianzi?" Ujumbe wa namna hii nimeshauzoea. Mwenye nao hakudanganya: seva zilikuwa tupu kweli, na kazi yake ilikuwa mbele ya wenzake kweli. Pamoja na hayo, kwa jinsi alivyoiandika, isingeanza siku ile wala kesho yake, na mimi nisingeianzisha kwa mkono hata angenibembeleza vipi.

Ninatunza klasta ya kompyuta za utafiti. Kwa asiyeijua, klasta ni seva nyingi zilizopangwa kwenye makabati ya chuma na kuunganishwa kwa mtandao wa kasi, ili watu wengi wazitumie kana kwamba ni mashine moja kubwa. Chumba chake kina baridi ya kumvalisha mtu sweta mwezi wa Februari Dar es Salaam, na feni zake zinavuma hadi mkiwa wawili humo ndani mnaongea kwa kupigiana kelele sikioni. Wanaoitumia ni mchanganyiko: yupo anayesoma vinasaba vya vimelea vya malaria, yupo anayepiga hesabu za mvua za msimu, yupo anayefunza programu kutambua Kiswahili cha kusemwa.

Hakuna hata mmoja wao anayezigusa seva hizo moja kwa moja. Unaingia kwenye seva ya mlangoni, unaandika faili fupi lenye mistari ya maombi: viini vya prosesa 16, kumbukumbu gigabaiti 64, muda saa 12. Chini yake unaweka amri za kuendesha programu yako. Unaandika sbatch na jina la faili, mashine inakurudishia namba ya kazi, nawe unakwenda kunywa chai. Ukitaka kujua hali ya mambo unaandika squeue. Hapo ndipo wengi wanapoanza kuninunia, maana kwenye mstari wa kazi yao wanakuta herufi PD, yaani inasubiri, na mwishoni neno moja tu la sababu, ambalo halimwambii kitu mtu asiyejua yanayoendelea nyuma ya pazia.

Anayegawa ni programu inayoitwa mratibu. Wetu ni Slurm, aliyezaliwa katika Maabara ya Lawrence Livermore, California, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na leo anaendesha kompyuta nyingi kati ya zile kubwa kabisa duniani. Nairobi, taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI inamtumia kwenye klasta yake. Kituo cha CHPC cha Cape Town, chenye mashine ya Lengau iliyozinduliwa mwaka 2016, kinatumia PBS, mratibu mwingine ambaye asili yake ni NASA. Majina ni tofauti lakini mantiki inafanana, na aliyezoea mmoja hapotei kwenye mwingine.

Jambo ambalo watumiaji wengi hawalijui, na likishaeleweka mengine huwa mepesi, ni kwamba mratibu haijui kabisa kazi yako ni ya nini. Hajui kama unatafuta dawa ya malaria au unajaribu tu kama programu inafunguka. Hajui itakwisha lini. Anachokijua ni zile namba tatu nne ulizoandika mwenyewe juu ya faili, na anaziamini kama zilivyo. Mashine ya gharama yote ile, yenye mafundi na jenereta na bili ya umeme ya kutia uchungu, ratiba yake imesimama juu ya ahadi za watu.

Zamani haikuwa hivyo. Foleni ilikuwa foleni: aliyetangulia ndiye anayeanza. Maabara ya Argonne, karibu na Chicago, ilikuwa na mashine ya IBM SP yenye seva 128 katika miaka ya 1990, na hapo utaratibu huo ulionyesha ubovu wake. Tuseme wa kwanza kwenye foleni anataka seva 100 na zilizo wazi ni 60. Zile 60 zitakaa bure mpaka nyingine 40 zipatikane, na nyuma yake wenye kazi ndogo ndogo wanazitazama tu. Ukisema basi wadogo wapite, unamwonea mkubwa: kila seva 10 zikifunguka zinadakwa, na zile 100 hazitakutana hata siku moja. Mwaka 1995 David Lifka alieleza njia ya kutokea waliyoibuni Argonne, ikaitwa EASY, na mpaka leo ndiyo uti wa mgongo wa waratibu wengi.

Chukua saluni yenye wasusi watatu. Kafika bibi harusi, naye anawataka wote watatu kwa pamoja, mmoja nywele, mmoja kucha, mmoja hina, maana gari la kumchukua halingoji. Wawili wako wazi. Wa tatu amebakiza saa moja kummaliza mteja wake. Mwenye saluni mwenye akili hawaachi wale wawili wakae wanachezea simu. Akija mtu wa kutinda nyusi, dakika 15, anakalishwa. Akija wa kusuka rasta nyembamba, kazi ya saa tano, anaambiwa angoje, kwa kuwa huyo atamkuta bibi harusi na kumchelewesha. Utaratibu wote unategemea mteja aseme kweli amefuata nini. Aliyesema nyusi kisha akaanza kudai rasta, anainuliwa kitini.

Ndivyo EASY ilivyofanya. Mratibu anamtazama aliye mbele na kuzisoma ahadi za kazi zote zinazoendelea, kisha anakokotoa saa ya mapema kabisa ambayo seva za kumtosha zitakuwa zimeachwa. Saa hiyo anamwekea, haiguswi. Halafu anashuka kwenye foleni akitafuta yeyote anayeweza kuingia kwenye pengo na kutoka kabla ya saa hiyo. Slurm, usipoibadilisha, hurudia msako huo kila sekunde 30, usiku na mchana. Ndiyo maana mtu aliyewasilisha kazi ya dakika 20 saa tisa alasiri anaweza kumpita aliyewasilisha ya siku nne tangu asubuhi, na hakuna aliyedhulumiwa.

Unaona basi thamani ya kuandika muda wa kweli. Lakini watu hawauandiki. Kikomo kwenye klasta yetu ni siku 7, kwa hiyo wanaandika siku 7, kwa kila kitu, hata kwa kazi inayokwisha kabla ya adhana ya adhuhuri. Siwalaumu sana. Muda ulioahidi ukifika, Slurm hutuma ishara ya kuiambia programu ifunge virago, kisha kwa kawaida huipa sekunde 30 na kuiua. Mtu aliyepoteza hesabu za siku tatu kwa kupungukiwa na nusu saa hataandika tena muda wa kweli maisha yake yote. Ataongeza, na atamfundisha mdogo wake wa maabara aongeze.

Ahuva Mu'alem na Dror Feitelson wa Chuo Kikuu cha Kiebrania, Jerusalem, walizichambua kumbukumbu za mashine za aina hiyohiyo ya IBM na kuchapisha matokeo mwaka 2001. Walikuta makisio ya watumiaji yako mbali sana na ukweli, jambo ambalo msimamizi yeyote angewaambia bila kulipwa. Lakini walikuta pia kioja: wote wakitia chumvi kwenye muda wao, foleni kwa ujumla inaweza hata kwenda vizuri zaidi, kwa sababu kazi zinazokwisha kabla ya ahadi zinaacha mapengo, na mapengo hayo yanawafaa wenye kazi fupi. Niliposoma hayo nilikasirika kidogo, baada ya miaka ya kuwahubiria watu. Nikajifariji kwamba hesabu ile ni ya kijiji kizima. Mtu mmoja mmoja, aliyeandika saa 2 bado anapenya pale ambapo aliyeandika siku 7 hatoshi.

Sasa yule wa seva 10. Jumamosi ya wiki ile mafundi wa viyoyozi walikuwa wanakuja, na umeme wa chumba ulikuwa uzimwe saa mbili asubuhi. Katika hali hiyo hatuendi kuua kazi za watu siku yenyewe. Tunaweka hifadhi mapema: tunamwambia mratibu kwamba kuanzia Jumamosi saa mbili asubuhi seva zote zina mwenyewe. Baada ya hapo haanzishi kazi yoyote ambayo ahadi yake inavuka saa hiyo. Siku saba kuanzia Jumatano zinaivuka Jumamosi kwa mbali. Na kwa kuwa karibu wote waliokuwa kwenye foleni waliandika siku 7, kila kazi iliyokwisha iliacha seva tupu isiyo na wa kuirithi, mpaka zikafika 10. Mwisho wa mstari wake palikuwa na neno la kumweleza hivyo, ReqNodeNotAvail, pamoja na maelezo kwamba seva zimehifadhiwa kwa matengenezo, lakini nani anasoma neno kama hilo?

Nikamuuliza: kazi zako za aina hii, zilizopita zilichukua muda gani? Akajibu, "Kama saa tano, sita hivi, dada." Slurm humruhusu mwenye kazi kupunguza muda wake hata ikiwa imeshaingia foleni, kuongeza ndiyo kazi ya msimamizi. Nikamtumia amri, akaandika saa 10. Ndani ya dakika moja PD ikageuka R, inakwenda. Akanitumia viganja vitatu vya shukrani, kana kwamba nimemfanyia upendeleo.

Mpaka hapa nimeongea kama vile nafasi ya mbele kwenye foleni ni ya aliyewahi. Sivyo. Mwaka 1988 Judy Kay na Piers Lauder wa Chuo Kikuu cha Sydney waliandika juu ya mratibu waliyemtengenezea mashine iliyotumiwa na watu wengi. Mifumo ya wakati ule iligawa muda wa prosesa kwa programu, si kwa watu, kwa hiyo mjanja aliyefungua programu kumi alipata mara kumi ya mwenzake aliyefungua moja. Wao wakataka mgawo uende kwa mtu, na uhesabiwe kwa kipindi kirefu: uliyekula sana jana, leo utatanguliza wengine. Wazo hilo Slurm imelibeba. Kila mtumiaji ana akaunti ya matumizi, na deni lake hupungua kwa nusu kila baada ya muda fulani. Kwa kawaida ya Slurm ni siku 7. Maabara iliyomwaga kazi elfu mbili wiki iliyopita itakuta mwanafunzi wa shahada ya uzamili, ambaye hajaonekana tangu mwezi jana, anaingia mbele yake bila hodi.

Deni linahesabiwaje? Kwa ulichoshikilia, hata kama hukukitumia. Nina mfano ninaopenda kuwaonyesha wapya. Kazi ikishakwisha, amri ya seff inakupa ripoti fupi. Kijana mmoja aliomba viini 64 kwa programu ambayo, kwa jinsi ilivyoandikwa, inajua kutumia kimoja tu. Ripoti ilisema matumizi ya prosesa ni asilimia 1.56. Ndiyo moja gawanya kwa 64. Alifikiri viini vingi vitaifanya programu ikimbie. Ilikimbia vilevile, viini 63 vikashinda vimekaa kimya siku mbili, na akaunti yake ikatozwa vyote. Wiki iliyofuata akalalamika foleni inamwonea.

Halafu kuna simu za wakubwa. "Mwanangu, hebu nisogeze kidogo, nina mkutano Alhamisi." Shikamoo Profesa, namwambia, na marahaba ikishapita namkumbusha kwamba uzito wa kila kitu kwenye foleni, umri wa kazi, ukubwa wake, deni la mwenye kazi, uliamuliwa na kamati ya watumiaji ambamo yeye mwenyewe anakaa. Namba hizo zimo kwenye faili la mipangilio na yeyote anaweza kuzisoma. Kwa maoni yangu hicho ndicho kitu bora alichotuletea mratibu: si kasi, ni kwamba upendeleo ukitaka kuingia lazima uandikwe mahali ambapo wengine watauona.

Na uzito huo hauko sawa kila mahali. Sisi tunawabembeleza wenye kazi ndogo, maana ndio wengi. Kwenye Frontier, kompyuta ya Maabara ya Oak Ridge, Tennessee, ambayo mwaka 2022 ilikuwa ya kwanza kuvuka hesabu bilioni mara bilioni kwa sekunde kwenye orodha ya kompyuta kubwa za dunia, utaratibu ni kinyume kabisa. Ina seva zaidi ya 9,000, na anayeomba asilimia 60 hivi au zaidi huingizwa kwenye foleni kana kwamba ameshasubiri siku 8, na anaruhusiwa kukaa saa 12. Anayeomba seva chache, 91 kushuka chini, haongezwi kitu, na mwisho wake kwenye foleni ya kawaida ni saa 2. Mashine ile ilijengwa kwa ajili ya kazi zisizotosha kwingine kokote. Mwenye kazi ndogo anaambiwa kistaarabu akatafute klasta kama yangu.

Kuna upotevu mwingine ambao foleni nzuri haiutibu. Seva ina viini 32 na kumbukumbu gigabaiti 128. Mtu mmoja anaomba viini viwili na gigabaiti 120, kwa sababu programu ya kuunganisha vinasaba iliwahi kumfia kwa kukosa kumbukumbu na hataki kusikia tena. Viini 30 vilivyobaki ni vizima, vina umeme, vinatoa joto, lakini havina kumbukumbu ya kutosha ya kuweka data, kwa hiyo karibu hakuna wa kuvitumia. Kwenye GPU, yaani prosesa za michoro, ni mbaya zaidi, maana ni chache na kila mmoja anazitaka. Mtu anafungua daftari la programu kwenye kivinjari saa tatu asubuhi, anashika GPU nzima, anaandika mistari miwili, anakwenda kwenye semina, anarudi, anakwenda kula, anarudi. Usiku anafunga laptopu na kulala, daftari halijafungwa. Tangu A100 ya mwaka 2020, GPU moja kubwa ya NVIDIA inaweza kukatwa vipande hadi saba, na mimi ningevigawa hivyo vipande kwa wenye madaftari wote bila kuwauliza. Kamati bado inajadili.

Watu huniuliza kama na kampuni kubwa za intaneti hupanga watu foleni hivi. Huko tofauti ni kwamba kazi nyingi hazina mwisho. Anayetuma pesa kwa simu hawezi kuambiwa PD; programu ya kumhudumia lazima iwe macho muda wote. Google walichapisha mwaka 2015 maelezo ya mratibu wao wa ndani, Borg, na humo mna jambo linalonitia wivu. Wao hawaamini ahadi. Borg anatazama kazi inatumia nini hasa, anakisia itakachohitaji na akiba kidogo juu yake, kisha kinachobaki anawapa kazi zisizo na haraka, ambazo zitafukuzwa mara moja mwenyewe akikihitaji. Waliandika kwamba karibu asilimia 20 ya kazi katika klasta yao ya kawaida inaendeshwa kwenye rasilimali zilizookolewa namna hiyo.

Kubernetes, iliyotangazwa na Google mwaka 2014 na leo imejaa kila mahali hadi kwenye kampuni changa za Nairobi, ilirithi mengi kutoka Borg, lakini ukiitumia hivihivi inarudi kulekule: inakupangia seva kwa kile ulichoomba, wala haitazami unachotumia. Rafiki yangu wa benki moja hapa mjini alinionyesha seva zao. Kwa hesabu ya maombi zilikuwa zimejaa pomoni, programu mpya zinasubiri mlangoni. Kwa hesabu ya kazi halisi zilikuwa karibu zimelala. Nilicheka, naye hakucheka, kwa sababu bili ya kila mwezi anaisaini yeye.

Kwetu tumebadilisha kitu kimoja mwaka huu. Zamani asiyeandika muda alipewa siku 7 zote. Sasa anapewa saa moja. Wiki ya kwanza simu haikunyamaza, na ujumbe ukabadilika sura: badala ya "mbona haianzi", sasa ni "mbona imekatwa". Huu wa pili nina la kuujibu. Nawafundisha kuifanya programu ihifadhi ilipofikia kila baada ya muda, kwenye diski, ili ikikatwa ianze palepale ilipoishia. Programu nyingi za hali ya hewa na za kufunza mashine zina uwezo huo tayari. Ni mstari mmoja wa kuwasha. Aliyeuwasha hana sababu ya kuomba siku 7. Anaomba saa 6, anapenya kwenye pengo la usiku, anakatwa alfajiri, anaomba nyingine 6.